Inveta Tuliyomnunulia Kaka Yako

Mtaa wa Onikolobo,
Abeokuta.
27 Machi, 2024

Mpendwa wifi yangu Ibironke,

Pokea salamu zangu za mbali. Hamjambo huko Halifax? Goti lako limepona, au baridi bado inalitesa? Na mumeo Bwana Sijuade, shinikizo lake la damu limeshuka? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mimi ni mzima, ila bega la kulia ndilo linanisumbua. Kaka yako anakula vizuri na kulala vizuri, na miguu yake ina nguvu kuliko yangu. Hiyo miguu ndiyo iliyotuletea mambo nitakayokusimulia.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huwa nasema "tuko salama" kisha nakata. Hapa nimekaa mezani, chai ninayo, na hakuna anayenisubiri.

Joto la mwaka huu usiliulize, na umeme unakuja unapopenda. Unaikumbuka jenereta yetu, ile ambayo kaka yako alikuwa akiiwasha kwa mvuto mmoja, kisha anatutazama kama amebeba gunia? Alipoanza kuugua nikawa naivuta mimi, na bega likilia. Ikiwaka nayo, mlio ulikuwa ukimtisha. Alikuwa akiingia jikoni na kuziba masikio.

Mwezi wa Januari, siku moja mchana, umeme ulikatika nikiwa namlisha. Feni iliposimama akaanza kuvua shati. Nikatoka nyuma kuwasha jenereta. Nilivuta, ikakohoa, nikavuta tena, ikazima. Niliporudi ndani, bakuli la ugali wake wa amala lilikuwa mezani na kiti kilikuwa kitupu. Mlango wa mbele ulikuwa wazi.

Nilitoka bila viatu. Jirani yangu Mama Ejiro, yule anayekaanga akara za kunde pale kona, aliniona nikikimbia, akaacha mafuta yake motoni akanifuata. Tulimkuta barabara kuu. Alikuwa amesimama katikati kabisa, malori yakimpigia honi huku na huku, mkono wake juu, akiwazuia madereva. Alidhani yuko kazini, pale reli inapokatiza barabara. Miaka yake yote ya kusimamia stesheni ilikuwa imemrudia siku hiyo.

Mimi nilikuwa napiga kelele jina lake na hasikii. Mama Ejiro ndiye aliyekwenda taratibu, akamshika kiwiko.

"Baba, treni imeshapita," akamwambia. "Waruhusu hawa waende."

Akawaruhusu. Akateremsha mkono, akatufuata nyumbani kama mtu aliyemaliza zamu.

Mwanangu Folarin nilimpigia huko Aberdeen jioni ile. Akasema, "Mama, jenereta basi. Nunua inveta na betri. Umeme ukikatika yenyewe inashika, hutoki nje hata hatua moja." Akanitumia picha na maelezo mpaka simu yangu ikajaa. Ni mtoto mwema na hakuna siku anakosa kuuliza hali. Ila usiku ule nilitamani angekuja mwenyewe akae sebuleni, hata kama hatufanyi chochote.

Basi nikaanza kuzunguka madukani, Mama Ejiro akikaa na kaka yako. Duka la kwanza lilikuwa na kijana mwenye suti. Aliniambia mashine yake itabeba friza, pampu ya maji, pasi na kiyoyozi, vyote kwa mkupuo.

"Na kwako nyumbani inabeba pasi?" nikamuuliza.

Akacheka. "Mama, kwangu sipigi pasi."

Nikamwambia shati lake linasema hivyo hivyo, nikatoka.

Duka la pili ni la Bwana Gbolahan, mtu mzima, mtaratibu. Huyu hakunionyesha mashine. Alinipa kiti, akaniuliza nataka nini kiwake umeme ukikatika. Nikataja taa, feni, friza ndogo, televisheni. Pasi na pampu akasema niziache zisubiri umeme wa kawaida, maana vitu vya kupasha moto na vya kusukuma maji vinamaliza betri upesi. Kisha akauliza, "Nyumbani mko wangapi?"

Swali dogo tu, wifi. Nikasema wawili. Nikahisi kama nimedanganya, halafu nikahisi vibaya zaidi kwa kuhisi hivyo.

Kilichobaki kilikuwa kuchagua betri. Kuna zile za maji, nzito kama sanduku la safari, ambazo nimezizoea kwa watu wengi hapa mtaani. Ni nafuu, lakini lazima ziongezwe maji yake kila mara, zinatoa hewa kali, na zinataka mahali penye upepo. Na kuna hizi mpya za lithiamu, unatundika ukutani kama kabati la dawa na kusahau. Hizo ni ghali hasa. Wenzangu wa kanisani wote walinishauri za maji. Mmoja aliniuliza, "Wewe peke yako na mzee, lithiamu ya nini?"

Mahali penye upepo nyumbani kwetu ni kibaraza cha nyuma, na hapo ndipo kaka yako anapokaa mchana. Siku hizi hakuna kifuniko ambacho hafungui. Ameshafungua chupa ya mafuta ya taa, ameshafungua saa ya ukutani. Nilimfikiria akifungua betri yenye asidi nikiwa jikoni. Nikachukua ya lithiamu. Nikauza jenereta, nikauza na vile vitambaa vyangu vya adire nilivyokuwa nimeviweka, Folarin akajaza palipobaki.

Bwana Gbolahan alikuja na fundi wake wakafunga. Jioni hiyo hiyo umeme ukakatika. Nilijua tu kwa sababu redio za majirani zote zilinyamaza kwa pamoja. Taa yetu haikupepesa. Feni iliendelea. Nilisimama katikati ya sebule nikijiona nimefanya jambo kubwa, nikamgeukia kaka yako nimwambie.

Alikuwa ananitazama kwa adabu.

"Karibu, mama," akasema. "Umekuja kumwona nani?"

Nikamwambia, "Ni mimi, Baba Folarin."

"Mke wangu ametoka kidogo. Hatakawia. Kaa hapo upate hewa ya feni."

Nikakaa. Ningefanya nini? Tukakaa hivyo, mimi na mume wangu, tukinisubiri mimi.

Ilikuwa hivyo kila jioni tangu siku ile. Mchana nilikuwa nimeshazoea kuwa mgeni, lakini zile jioni za giza, jenereta ikiwa imezimwa asiogope, zilikuwa zangu, nami sikujua mpaka nilipozikosa. Watu wakawa wananipongeza. Mama Ejiro akasema nyumba yangu sasa inang'aa kama benki, nimekuwa mtu mkubwa, nisimsahau. Nikacheka naye. Nilitaka kumwambia, nikashindwa pa kuanzia. Utamwambiaje mtu anayepika kwa kushikilia tochi mdomoni kwamba taa imekukosesha mume?

Wiki iliyopita ikanyesha mvua ya kwanza. Kumbikumbi wakatoka ardhini, na kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa giza, wote wakaja kwangu. Walijaa kwenye taa, kwenye mchuzi, kwenye nywele. Nikazima taa waende zao. Feni nikaiacha. Nikawa nimekaa gizani nikijikung'uta mabawa, nikilalamika peke yangu, nikawalaani mdudu mmoja mmoja.

Kaka yako akasema, "Abeke."

Wifi, jina hilo bibi yangu ndiye aliyenipa, na tangu mama afariki hakuna mwingine duniani anayeniita hivyo isipokuwa yeye. Hakuwa amelitaja tangu tufunge inveta.

"Abeke, ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Nilikuwa hapa hapa."

Akashusha sauti. "Kuna mama mmoja huja hapa jioni. Mpole, ananipa chakula. Nakwambia mapema usije ukasikia kwa watu ukafikiri vibaya."

Nilicheka mpaka nikalia, na yeye akacheka kwa kuwa nimecheka. Ndipo nilipoelewa. Mkewe anayemtafuta ana nywele nyeusi na shingo ndefu. Akiniangalia anamwona mama mzee. Lakini sauti yangu haijazeeka kwake. Katika giza nakuwa mimi.

Sasa kila jioni tukishakula nazima taa, umeme uwepo usiwepo. Feni inazunguka, friza inanguruma, nasi tunaongea. Si mazungumzo ya akili timamu, usije ukategemea makubwa. Wakati mwingine yuko stesheni, wakati mwingine tumeoana juzi. Lakini ni yeye. Halafu nawasha taa nimlaze, na ananishukuru kama mgeni.

Juzi gizani aliniuliza, "Ibironke ameshatoka shule? Msimwache avuke reli peke yake. Mwambie anisubiri nitampitia."

Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Najua kwa nini umeacha kupiga simu tangu Krismasi. Nilikuwa nimeishika ile simu ya picha mbele yake, nami nilisikia akikuomba umwitie mdogo wake Ibironke, na niliuona uso wako kabla hujakata. Sikukulaumu. Nilitaka nikupigie nikufariji, lakini nilikuwa sina faraja ya kumpa mtu.

Piga jioni ya huku, kwenu bado ni mchana. Usipige ya picha, piga ya sauti tu. Usimuulize kama anakukumbuka. Mwambie umetoka shule na umemsubiri, basi, halafu mwache aongee. Mimi nitaweka simu kifuani kwake na kuondoka, muwe wawili.

Wanao Teniola na Bamise wasalimie sana, waambie mke wa mjomba wao wa Abeokuta anataka kuona picha za mahafali. Bwana Sijuade mpe heshima zangu. Mama Ejiro naye anakusalimu na kusema akara ya huko haiwezi kuwa akara.

Mungu awafunike nyote, awape afya, na akurudishe nyumbani siku moja miguu yako ikiwa na nguvu za kushuka ngazi za ndege.

Nikiwa wifi yako, mwenye kukupenda daima,

Adunola, Mama Folarin