Aliyekuwa Akitusikiliza Chumbani

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote, na usishtuke kupokea barua ya mkono enzi hizi. Mgongo unaendeleaje? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Sisi wazima wa mwili. Mapacha wanakula kama nzige. Moyo wangu tu ndio haukai mahali pake.

Unajua tangu nimkimbie baba watoto napanga kurasa za vitabu humu humu chumbani, kwenye kompyuta ya mezani. Juzi mtandao ukawa mzito, kurasa zikagoma kwenda kwenye kiwanda cha uchapaji. Nikampigia fundi wa kompyuta wa kiwanda. Akaniambia nifunge programu zote, kisha akanielekeza amri ya kuonyesha soketi, yaani milango ambayo programu hufungua ili ziongee na kompyuta za nje. Akasema itabaki michache tu, ya mashine yenyewe.

Haikuwa hivyo. Mlango mmoja ulikaa wazi ukisubiri kugongwa, na mwingine ulikuwa tayari unaongea na anwani nisiyoijua. Nikaufunga, ukarudi. Nikaufunga tena, ukarudi. Programu iliyoufungua ilijificha kwa jina la printa, nami sina printa. Fundi alipoichunguza kutoka kwake, kupitia mtandao, aliniuliza kwa upole, “Mama, nani mwingine alikalia hicho kiti? Hii haikuingia yenyewe.” Ilikuwa ikipeleka picha za kamera na sauti za chumba. Chumba hiki, dada, ambamo wanangu wanafanyia kazi za shule, wakitaja shule yao na saa ya kutoka.

Nilichomoa waya ukutani, nikakaa sakafuni. Tangu tuhamie hapa aliyeigusa ni mmoja tu: kaka yetu, alipokuja kuisafisha vumbi. Nikampigia nikiomba akasirike, hata anitukane. Hakukana. Akasema shemeji yake, yaani baba watoto, alimlilia, eti anataka tu kusikia sauti za wanawe, naye akaona anapatanisha ndoa. Nikamuuliza kama amesahau nilivyotoka kwenye nyumba ile, taya limefungwa bandeji. Akasema watu hubadilika. Kumbe kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Jana jirani akaniambia kuna mwanamume mtanashati, mpole kabisa, alisimama getini akimuulizia mama wa mapacha. Mkononi alikuwa na mpira mpya. Jirani akanipongeza kwa kupata mgeni mwenye adabu.

Tunaondoka leo. Tuendako sitakuandikia.

Lakini lipo jambo jingine, na ndilo lililonishikisha kalamu. Katika kujitetea, kaka aliponyokwa na neno kwamba hakufanya kwangu tu. Simu aliyokuletea wewe zawadi aliiandaa vile vile, ili baba watoto ajue siku nikikupigia. Ndiyo maana siku hizi mbili sikupokea simu zako. Sijakususa, dada. Nilikuwa nikiitazama ikiita, nikilia.

Nakuomba, simu hiyo ya zawadi usiizime wala usiitupe, baba watoto atashtuka. Kwayo ongelea bei ya sabuni, nilaani kwamba nimekutupa, mpaka tufike mbali. Mama mwambie kwa kinywa, simu mkiiacha chumba kingine.

Nisalimie shemeji na wanao, lakini sikioni, mmoja mmoja.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Mapacha