Maziwa Yanayotokea Puani

Jumatatu, 1 Machi 1954

Chuma kizima cha vitumbua kimeungua. Mkono mmoja kwenye mafuta, mwingine mgongoni mwa mwanangu Idi, anakohoa. Maziwa yametokea puani tena. Miezi miwili sasa, na uzito karibu uleule aliozaliwa nao. Mama mkwe anasema ni kimeo kimelegea kooni, kikatwe. Nimechoka na neno hilo.

Alhamisi, 4 Machi

Zahanati. Nesi alimmulika Idi mdomoni, akanionyesha. Kaakaa lina tundu kwa nyuma, maziwa yanapandia humo. Litashonwa akishakua na kunenepa. Kwa sasa nijikamue, nimpe kwa kijiko, akae wima. Matone machache, nisubiri ameze, ndipo nimwongeze. Nimrudishe baada ya wiki mbili apimwe.

Nilimweleza Salum, baba yake. Akasema, "Sawa." Mama yake akacheka. "Tundu? Kwani mjukuu wangu ni paa la makuti?"

Jumamosi, 6 Machi

Natoka kuuza, namkuta Idi kalazwa chali, bibi yake anamnywesha uji kwa kiganja. Pua kambana. Midomo imegeuka rangi. Nilimnyakua. Uji wa nini kwa mtoto wa miezi miwili? Salum yuko barazani anacheza bao. Eti hakusikia.

Kodi ya chumba hiki inatoka kwenye vitumbua vyangu. Sauti yangu humu ndani haina bei.

Jumanne, 9 Machi

Salum na mama yake wamengoja niende sokoni, wakamchukua Idi. Jirani kaniambia wameelekea Vingunguti, kwa mkata vimeo. Nimekwenda kwa miguu, ndoo ya unga nimeitelekeza njiani. Nimewakuta zamu yao imefika. Salum kampakata mwanangu, kambana kichwa, chuma cha kukatia kiko motoni. Nikamchukua.

"Unaniaibisha mbele za watu, mke wangu."

"Aibika."

Mama mkwe kanifuata nyuma mpaka barabarani, anahema.

"Nilizika mtoto mmoja, mwanangu. Alikuwa hivihivi, maziwa puani. Waliniambia nisubiri."

Miaka yote hajanitajia mtoto huyo. Hasira haikupungua. Imekosa tu pa kwenda.

Jumamosi, 13 Machi

Salum namwekea chakula, sisemi naye. Anasema mwanamke anayejua hesabu hakaliki naye. Basi ahesabu yeye: mara ngapi amemlisha mwanawe? Hata moja.

Idi siachi mtu amguse. Naenda naye kuuza, mgongoni. Mgongo umekufa.

Alhamisi, 18 Machi

Zahanati. Idi ameongezeka nusu ratili. Nesi alimpima mara mbili, nilimwomba.

Nyumbani nilitaka kuloweka mchele wa kesho. Mama mkwe akanawa mikono, akainyoosha yote miwili. Nikampa Idi. Sijui kwa nini.

Akamkalisha wima mapajani, akachukua kijiko. Nilisimama mlangoni, tayari kumnyang'anya. Akampa matone, akasubiri. Idi akameza. Akasubiri tena.