Bango la Ndengu na Jina Lako

Mwende,

Nina hasira. Nakuambia mapema ndiyo usitafute salamu.

Wiki mbili baada ya kukuzika, mwalimu wa sayansi aliniambia nitoe jina lako kwenye bango letu la mashindano. Eti wanataka wanafunzi wawili, na wewe huwezi kusimama mbele ya jaji. Akaniletea mpwa wake wa kidato cha pili. Aki huyo hajawahi hata kushika ndengu iliyotobolewa na wadudu!

Na bango ni lako. Nani aliomba katoni ya friji pale dukani Matiliku, akaikunja pande tatu isimame yenyewe? Mimi nilitaka kujaza maneno kila mahali. Ukanifokea: "Ndunge, hii si gazeti! Mtu asimame hatua tatu, asome." Ukaacha nafasi katikati, ukafunga chupa mbili tu. Moja ndengu zenye majivu, nzima kabisa. Nyingine bila majivu, wadudu wamezigeuza unga. Mtu anaelewa kabla hajasoma.

Na wewe pia nimekukasirikia. Ulichora ile chati ukitetemeka, ukasema ni homa kidogo, tumalize kwanza. Kwani bango lingekimbia? Kwa nini hukusema? Na mimi, kwa nini sikukuuliza mara ya pili?

Basi nikatii. Nikabandika jina la mpwa juu ya lako. Lakini nilibandika na uji. Unakumbuka ule wetu wa kwanza, mwepesi, ulipokauka karatasi zote zikabanduka, tukacheka mpaka tukakaa chini? Nilipika huo huo, makusudi.

Siku ya mashindano, Mbumbuni jua lilikuwa kali. Jaji hajamaliza kusoma kichwa, karatasi ikajikunja, ikaanguka. Akasoma jina lako. Alikuwa hatua tatu, Mwende. Akauliza uko wapi. Nikamwambia umekufa, na kazi ni yako.

Tumeondolewa mashindanoni, eti tulidanganya jina. Mwalimu hanisemeshi. Wacha anune.

Bango nimempelekea mama yako. Amelisimamisha sebuleni, na ndengu zake zote sasa anatia majivu.

Lala, rafiki yangu. Sijakusamehe bado. Mwaka ujao nitatengeneza bango lingine, na nitakayefanya naye kazi akiniambia ni homa kidogo, naweka kalamu chini, nampeleka hospitali, hata bango libaki nusu.

Ndunge