Mistari Myembamba ya Duka la Mama Shirin

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimekwangua rangi kuukuu kwenye ubao wa duka la Mama Shirin mpaka vidole vimekufa ganzi. Anautaka kabla ya Idd. Kanipa boksi la manukato liwe mfano, herufi ziwe kama zilizoandikwa juu yake: hazina vikia mwishoni, mstari mmoja mnene, wa pili mwembamba kama uzi. Nzuri mno. Baba kaniachia kazi yote, mara ya kwanza tangu anifundishe. Vibao vingi hapa Kibiti kaandika yeye, herufi nene, zilizoshiba. Hata kamba ya chaki hatumii, mstari wake hunyooka wenyewe. Huu nataka uwe wangu.

Jumatano, 4 Juni
Nimemaliza. VITENGE NA KHANGA, nyeusi juu ya nyeupe. Mama Shirin kaupiga picha. Alasiri Baba alikuja, akasimama ng'ambo ya barabara. "Mbona hujamaliza?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Sielewi.

Alhamisi, 5 Juni
Baba kanuna. Kwenye chai kasema E yangu haina mikono, N ni mstari mmoja umelala. "Mwanangu, kazi nusu itafanya watu watucheke." Nimekasirika. Ananionea wivu?

Nimerudi kuutazama. Kwa karibu, kwa mbali, jicho moja nimefumba. Mistari yote ipo. Nikamwomba muuza mihogo asome, akasoma bila kukwama, akaniuliza kama naumwa. Lakini Baba hajawahi kukosea herufi. Kama yuko sahihi, basi kazi hii siiwezi. Kichwa kimevurugika kabisa.

Ijumaa, 6 Juni
Mama Shirin kapiga simu asubuhi. Njoo, baba yako yuko juu ya ngazi.

Nilipofika ameshashuka, brashi mkononi. Kaongeza mistari minene kila mahali. Imepinda. Haikupita juu ya mistari yangu, imepita kando. N sasa ina miguu minne. "Sasa inasomeka," akasema, karidhika.

Nilikuja na matusi mdomoni. Yameniishia. Baba hakuiona mistari yangu. Hata hiyo yake haioni vizuri. Tangu lini? Naogopa.

Jumatatu, 9 Juni
Siku nzima ya Idd Mama Shirin aliuacha ubao vile vile. Hakutaka kumwaibisha Baba. Jana nimeushusha, nimeuandika upya, mistari ile ile, myembamba kwa minene. Leo rangi imekauka. Ubao umeegemea ukuta barazani.

Baba kaja kuutazama. Sikumweleza kitu. Nimeshika kidole chake, nikakipitisha juu ya mguu wa N, taratibu, chini mpaka juu. Rangi ya mafuta huacha tuta dogo.

Kisha akakirudisha kidole mwenyewe, peke yake, akaufuata mstari tena.

"Kumbe upo."

Upo, Baba.

Kesho tunakwenda hospitali, macho yatazamwe. Hajakataa.