Mti Juu ya Mabati

Mjukuu wangu Cherono,

Hapa Kaplong tuko wazima, na ng'ombe wa mama yako amezaa. Unauliza nani alianza kuezeka mabati hapa kwetu. Ni mimi, nani mwingine? Kikundi chetu cha akina mama kiliezekeana kwa zamu, mimi nikawa wa kwanza. Mama mkwe akakataa kuingia. Zamani, mti uliochomekwa wima kileleni mwa paa la nyasi ulionyesha kuwa mume mwenye nyumba yuko hai.

"Mti uko wapi? Mwanangu amekufa?"

Babu yako akapanda, akasimama wima juu ya mabati. "Mama, mti ndio huu! Ingia unywe chai kabla sijateleza."

Akaingia, lakini hakugusa kikombe mpaka babu yako aliposhuka. Kumbe hakuchukia nyumba yangu. Aliogopa kufiwa.

Ni mimi, kogo wako.