Milingoti ya Chemchemini

Nyumbani, upande wa Kifanya,
Njombe.
Jumapili, 13 Julai 2025

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Makambako, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la mbao kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, Geofrey ni mzima na anasumbua kama kawaida, na Bibi haondoki jikoni kwa sababu baridi ya mwaka huu haina huruma. Juzi umande uliganda juu ya viazi, na jua lilipochomoza majani yakawa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Bibi anakusalimu na anauliza kama huko unapata ugali wa maana au unakula chipsi tu.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga kwa simu ya Mama, kwa sababu ukiwa kazini mashine za kupasua mbao zinanguruma, na jambo hili halifai kusemwa kwa kupaza sauti. Barua anakuletea mama Konsolata anayekuja sokoni na viazi. Naomba uisome ukiwa umekaa, na uisome yote kabla hujampigia mtu yeyote, hasa Baba Mdogo Aron.

Unawakumbuka wale watafiti kutoka chuo kikuu waliokuja masika ya mwaka jana kuchunguza mabadiliko ya tabianchi. Kiongozi wao ni Daktari Beatha, mama mpole anayejua kusalimia kwa kamwene na kuitikia vizuri. Waliweka kipimamvua shuleni kwetu, wakapima maji ya kijito pale darajani, wakawauliza wazee mvua za zamani zilianza lini na baridi ilikuwaje. Mwalimu Marcelino wa Jiografia alituchagua baadhi yetu tuwe tunasoma kipimamvua kila asubuhi, nami nilikuwa mmoja wao. Nilijiona mtu mkubwa, Baba. Alitufundisha kwamba mtafiti haaminiwi kwa sababu ya cheo chake, anaaminiwa kwa sababu kila mtu anaruhusiwa kumuuliza amejuaje.

Mwezi uliopita tukasikia majibu yamekuja. Mwenyekiti wa kijiji aliita viongozi wa vitongoji akawaambia kwamba wataalamu wamegundua kinachokausha kijito ni vinyungu. Basi kamati ikaamua bustani hizo zote za bondeni zifungwe, na kabichi zilizomo zing'olewe kabla Daktari hajaja kuzungumza na wananchi, ili akute kijiji kimetii.

Hasira niliyoipata sikuwahi kuipata. Wewe unajua kinyungu cha Mama ni nini. Mahindi ya mlimani ni ya mvua moja tu, na mvua yenyewe siku hizi inachelewa kuja na kuwahi kuondoka. Kuanzia sasa hadi Desemba tunachokula na kuuza kinatoka bondeni. Bibi alilima pale, mama yake Bibi alilima pale, na maji yalikuwepo. Daktari Beatha mwenyewe alitueleza darasani kwamba joto la dunia linaongezwa na hewa ya ukaa, na kwamba sehemu kubwa ya hewa hiyo inatoka kwenye viwanda na magari ya nchi za mbali, na kwenye misitu inayochomwa. Mama hana kiwanda. Mama hana hata baiskeli. Wanaochafua hawajui njia ya kuja Kifanya, halafu anayehukumiwa ni mwanamke mwenye jembe na matuta ya kabichi.

Wanawake walilalamika, lakini kwa mizaha. Mama Lightness alisema kwa kuwa kabichi sasa zina kesi, yeye atazipeleka Njombe mjini zikatafutiwe wakili. Wakacheka, kisha wakaanza kung'oa. Mama pia aling'oa matuta ya chini. Nilimuuliza kwa nini hasemi. Akanijibu nishike ndoo, nisimkalie kama hakimu.

Nilichokuwa sielewi ni hiki. Watafiti walipokuja, aliyechaguliwa kuwaongoza bondeni alikuwa Baba Mdogo Aron. Aliwaonyesha daraja, akawaonyesha vinyungu, lakini walipoomba kufika kwenye chemchemi yenyewe akawaambia njia imezibwa na kuna nyuki wakali. Mimi nateka maji kule kila Jumamosi na sijamwona nyuki hata mmoja. Walipouliza kama kuna kilichopandwa karibu na maji, wazee walitazamana wakasema ni vichaka tu vya asili. Hata Bibi alisema hivyo, Bibi ambaye hunichapa nikidanganya. Kwa hiyo watafiti wakaandika walichokiona na walichoambiwa: mvua zimepungua, na bondeni kuna bustani.

Siku ya mkutano ilikuwa Alhamisi, uwanja wa shule. Wanafunzi tuliandaliwa ngonjera ya mazingira. Mshairi wetu alikuwa Mwenyekiti mwenyewe, na beti nilizopangiwa mimi zilisema, akina mama acheni vinyungu, msiue kijito. Nilipaswa kumnyooshea kidole mama yangu mzazi, mbele ya watu, kwa vina.

Ilipofika zamu yangu nilisimama na sikuweza. Wenzangu walidhani nimesahau, wakaanza kuninong'oneza. Nikamgeukia Daktari Beatha, nikasema, "Shikamoo Daktari. Naomba kuuliza kabla sijasema beti zangu. Mlifika kwenye chemchemi yenyewe?"

Mwenyekiti akataka niketi. Daktari akamwomba aniache. Alisema hapana, hawakufika, waliambiwa kuna nyuki, na jambo hilo wameliandika kwenye taarifa kama upungufu. Akaongeza, huku akimtazama Mwenyekiti, kwamba taarifa yao haikusema vinyungu vifungwe. Ilisema sababu bado hazijajulikana zote, na ikaomba kijiji kisaidie kujua zilizobaki. Ukurasa huo Mwenyekiti hakuwahi kuusoma kwa watu. Basi minong'ono ikaanza, na Mama Lightness akamuuliza Baba Mdogo kwa sauti kama asali ya wale nyuki imekomaa, maana angependa kuonja.

Daktari akaniuliza kule juu kuna nini. Nikamwambia kuna milingoti, mikaratusi kwa jina la kitabuni, imezunguka jicho la maji, na mizizi imeingia hadi kwenye matope. Nikamwambia kwamba Mwalimu Marcelino ametufundisha mti ule hunywa maji mengi, na haufai kupandwa penye chanzo.

Akauliza, "Miti hiyo ni ya nani?"

Nikaona watu wanatazama chini, nikamwona Mama amejifunika mdomo kwa khanga, na hapo nikaelewa kitu ambacho nilipaswa kukielewa siku nyingi. Huku kwetu mtoto akianza darasa la kwanza hupandiwa miti yake, ije iuzwe ilipe ada, na miti ya mtoto hakuna anayeigusa wala kuisema vibaya, kwa kuwa ni kama kumsema mtoto mwenyewe. Ulinipeleka pale nilipoanza shule, penye udongo mweusi ambapo mche haukawii kukua, ukanipa miche niishike. Ukasema, Eveline, hii ni Kidato cha Tano, hii ni chuo. Kijiji kizima kilijua. Walikuwa tayari kupoteza kabichi zao, na Mama apoteze zake, kuliko mtu mmoja kusema mbele ya wageni kwamba masomo ya binti fulani yanakausha mto. Walidanganya kwa kunipenda. Nami ndiye niliyekasirika nikidhani wote ni waoga.

Nikasema, "Ni yangu."

Hilo ndilo nililotaka ulisikie kutoka kwangu, si kwa mwingine. Nimeitaja miti yako hadharani bila ruhusa yako. Baba Mdogo hanisemeshi mpaka leo. Alimwambia Bibi kwamba shule imenifundisha kumvua baba yangu nguo mbele ya watu. Nilimjibu moyoni tu, lakini wewe nakujibu waziwazi: nakuheshimu, na ndiyo maana sikutaka heshima yako isimame juu ya uongo wa nyuki.

Jioni ile tulipanda na Daktari hadi chemchemini, Mama akitutangulia na panga. Maji yanayotoka ni kama mkojo wa mtoto, Mama alisema hivyo mwenyewe, na Daktari akacheka kisha akaacha kucheka. Alisema hawezi kuahidi kwamba milingoti ikiondoka kijito kitarudi kama zamani, kwa sababu mvua nazo zimebadilika, na hilo halitengenezwi na kijiji kimoja. Ila ataweka kipimo palepale, tupime kabla na baada, nasi wanafunzi ndio tutakaosoma. Nilimpenda kwa kutoahidi.

Kamati imekutana tena. Vinyungu vilivyobaki vimeachwa kwanza. Wamesema mwenye miti ndiye atakayesema, na kwao mwenye miti ni wewe. Najua milingoti haijafikia unene wa nguzo za umeme, na ikikatwa sasa itakuwa mirunda na kuni tu. Najua maana yake kwa Kidato cha Tano. Mimi nitasoma kwa bidii nipate nafasi shule ya serikali, na Mama anasema kinyungu kikiwa na maji hakijawahi kumwangusha.

Lakini tangu nikiwa mdogo, kila tulipopita pale, uliniambia miti ile ni yangu, si yako. Kama ulisema kweli, Baba, basi mwenye miti ameshasema. Njoo na msumeno, na tung'oe na visiki, maana mlingoti ukiachwa kisiki huchipua tena.

Mama anakusalimu na hajakasirika, anangoja utakachosema. Geofrey anaomba mpira. Bibi anasema ukija ulete chumvi, na usije na maneno. Wasalimie wote pale kiwandani, na Mungu akulinde na hizo mashine.

Ni mimi binti yako, mwenye milingoti,

Eveline