Kitufe cha Pembeni Kinachosahau

Mkuyuni, Jumanne, Septemba 1999

Kitufe cha Enter kilikufa Alhamisi iliyopita, saa nane mchana, nikichapa wimbo wa kumi na mbili wa kitabu cha kwaya. Kibodi nyingine mpaka itoke Dar, wiki mbili.

Hizi ni nyimbo, si barua. Kila mstari lazima uteremshwe kwa Enter. Zimebaki kurasa 64, mistari 28 kila ukurasa: mara 1,792. Mchungaji anakifuata kitabu Ijumaa hii, na Jumapili kanisa jipya linafunguliwa.

Fundi Masanja, aliyeniwekea Linux, programu inayoendesha kompyuta yangu, alikipa kitufe cha pembeni cha mausi kazi ya Enter. Nilimshukuru kwa moyo. Umeme ukakatika. Kompyuta ilipowaka tena, kitufe kilikuwa kimesahau kila kitu. Akarudi Jumamosi, yakawa yale yale. Leo mara ya tatu.

"Mama, umeme wa Mwanza ndio huo."

"Ulikuwa unakatika kabla hujazaliwa. Kwa nini mashine haikumbuki?"

Akacheka akiangalia chini. "Nitasoma kitabu changu cha Linux, Mama."

Taipu nilijifunza mwenyewe, kwa mashine ya kuazima. Mtu anayeona haya kusema hajui namfahamu, maana nilikuwa mimi. Ila kwaya nzima kusimama Jumapili mikono mitupu, kwa sababu ya haya yake...

Kesho saa tatu asubuhi, kabla sijammiminia chai, anijibu hili tu: Masanja, unajua kukifanya kitufe kikumbuke, ndiyo au hapana?